Fremu ya Malaika Vibonge

Walikutana kwa kugongana vichwa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi kwenye gulio la vitu vya kale la Bermondsey, London, watu wamebanana kati ya vijiko vya fedha na saa zilizokwisha kufa. Barnaby Tuckwell, mtengeneza fremu, na Hester Pym, mwuza picha, waliinamia kwa pamoja picha moja ya ua la mwituni: kengele ya zambarau yenye madoa kama ubao wa drafti, iliyochorwa kwa rangi za maji mwaka 1893.

"Samahani, bibie, nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona uso. Mimi nimeshaigeuza."

Barnaby akasalimu amri. Katika biashara ile, anayetazama uso wa picha ni mpita njia. Anayesoma mgongo, penye majina ya waliowahi kuimiliki, ndiye mnunuzi. Hester alivaa koti la rangi ya haradali lililokosa kifungo kimoja, na kabla ya saa sita mchana Barnaby alikuwa hoi kwa mapenzi, na Hester hakuwa nyuma.

Wiki hiyo hiyo Hester aliiuza picha, maana ndiyo kazi yake, na Barnaby akaiaga kama ndugu anayesafiri. Mnunuzi alikuwa Lucian Vane, bwana mwenye koti la mahameli na manukato yanayomtangulia mlangoni. Tangu hapo simu zikawa hivi:

"Uko wapi, laazizi?"

"Kwa Lucian, nakunywa chai."

"Tena? Huyo hana birika la kumtosha peke yake?"

"Barnaby, unalia kama paka aliyefungiwa kabatini."

"Mimi? Mimi nimetulia kabisa." Akakata simu, akalipiga teke pipa la gundi, akachechemea siku mbili.

Miezi mitatu ya chai ilipopita, Hester aliingia karakanani na kifurushi. Barnaby akafungua. Ilikuwa picha yao, ile ile.

"Nitengenezee fremu, mpenzi. Ni zawadi ya kumpa mwanamume ninayetaka kuzeeka naye."

"Namjua?"

"Kidogo."

"Anavaa mahameli?"

Hester alidhani ni utani. "Angependeza!" akasema, akatoka akicheka.

Picha imetoka kwa Lucian, sasa inarudi kwa Lucian ikiwa zawadi. Akili ya Barnaby, iliyokwisha kuivishwa na wivu, haikuona kasoro yoyote katika jambo hilo.

Sasa, wachoraji wa enzi ya picha ile walichukia madoido kuliko walivyochukia jino bovu. Picha zao huvishwa mbao za mwaloni, tupu, basi. Barnaby alipanda darini akashusha fremu ya dhahabu kutoka hoteli iliyofilisika, yenye malaika watoto wanne, vibonge, uchi, kila mmoja kageuzia dunia makalio. Akaivisha picha kwa machozi na gundi nzuri. Karatasi yenyewe hakuikata hata unywele. Wivu nao una miiko yake.

Alhamisi Hester akaja. Akaitazama fremu muda mrefu.

"Barnaby. Nini hiki?"

"Kinamfaa mwenyewe."

"Haya. Bandika kikaratasi nyuma, uandike jina la mwenyewe kama kawaida yako."

Barnaby akashika kalamu kama mtu anayesaini hati ya kunyongwa kwake. "Bwana Lucian..."

"Lucian wa nini? Andika Barnaby."

Kalamu ikasimama.

"Tuckwell," Hester akaendelea. "Au nikutajie herufi?"

"Lakini... zile chai?"

"Chai yake ni mbaya, imepoa, na nimeinywa miezi mitatu ndipo akakubali kuniuzia. Ulivyoiaga ile picha siku niliyoiuza, nilijiona mwizi."

Barnaby akawa mwekundu mpaka shingoni. "Nilidhani... Lete, niivue. Nina mwaloni safi, saa moja tu—"

"Thubutu! Itatundikwa hivyo hivyo, juu ya kitanda chetu."

"Chetu?"

"Chetu. Kila asubuhi mpaka uzee utafumbua macho uone makalio hayo, ukumbuke jinsi ulivyoniwazia."

"Hester, unanichumbia au unanihukumu?"

"Chagua mwenyewe."

Barnaby akainamia kikaratasi, akaandika, akapuliza wino ukauka, kisha akamkabidhi picha uso ukiwa juu. Hester akaigeuza. Nyuma palisomeka: *Mali ya Barnaby Tuckwell na mkewe, Hester.*

Akausoma mgongo mara mbili.

"Naichukua," akasema.