Meza ya Babu Kamugisha

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, saa tisa alasiri, ardhi ilitetemeka kijijini kwa Byera.

Nguru, nguru, nguru!

Ukuta wa zamani ulianguka. Babu Kamugisha alikuwa karibu na ukuta ule. Babu hakurudi tena nyumbani.

Byera alilia. Bibi alilia. Majirani walikuja, wakakaa nao, wakalia nao.

Nyumba yao nayo ilikuwa imepasuka. Baadaye Mjomba akawajengea Byera na Bibi nyumba mpya, imara. Ndani akaingiza meza ya Babu.

Babu alikuwa seremala. Meza ile aliichonga mwenyewe. Ilikuwa nzito, tena miguu yake minene kama ya tembo.

Lakini Byera aliogopa. Kila usiku alipanda kitandani na viatu miguuni.

"Bibi, ardhi ikitetemeka tena, je?"

Bibi akamweka mapajani. "Mjukuu wangu, mtu mzima akija, unamsalimuje?"

"Napiga magoti. Nasema, shikamoo."

"Unainuka lini?"

"Akishaitikia."

"Basi. Ardhi ikitetemeka, fanya vivyo hivyo."

*Piga magoti. Ingia chini ya meza.*
*Shika mguu wake, ngoja ardhi inyamaze.*

Wakajaribu. Byera akaingia, fyuu! Bibi akaingia polepole, akihema.

"Bibi, nusu yako imebaki nje!"

"Hiyo ndiyo nusu iliyokula ndizi. Sogea huko!"

Byera akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi.

Tangu hapo, kila jioni wakimaliza kusali, walijaribu tena.

*Piga magoti. Ingia chini ya meza.*
*Shika mguu wake, ngoja ardhi inyamaze.*

Siku moja mchana, walikuwa wanakula ndizi na maharage.

Tiki, tiki, tiki. Vikombe vikacheza.

Nguru, nguru, nguru! Ardhi ikatetemeka.

Byera akasimama wima kando ya meza. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Alijua mkubwa hupita kwanza.

"Pita, Bibi!"

"Ingia, mtoto!"

"Wewe kwanza, Bibi!"

"Byera! Adabu ya leo ni kuingia upesi!"

Byera akapiga magoti. Akaingia, fyuu! Bibi akamfuata, mwili mzima.

Kwaa! Sahani ikaanguka. Pu! Chungu kikaanguka. Meza ya Babu haikuanguka.

Byera akaukumbatia mguu wa meza kwa mikono miwili. Moyo wake ulipiga, du, du, du.

"Bibi, tutoke?"

"Bado. Haijaitikia."

Nguru, nguru...

"Na sasa?"

"Bado, mama. Shika tu."

Nguru...

Kimya.

"Marahaba," Byera akanong'ona.

Bibi akambusu kichwani. "Umesikia vizuri. Sasa twende nje."

Walitoka bila kusukumana. Walikwenda uwanjani penye nyasi, mbali na kuta, mbali na miti.

"Mpo huko?" jirani akaita.

"Tupo!" Byera akajibu kwa nguvu. "Tupo wote wawili!"

Mjomba akaja mbio. Akaikagua nyumba, ukuta kwa ukuta, ndani na nje. "Ni salama," akasema. "Ingieni."

Usiku ukaingia. Byera akapapasa meza ya Babu. Ilikuwa laini, kama siku zote.

"Bibi, leo Babu ametushika."

"Mikono yake ndiyo iliyoichonga, mjukuu wangu. Na Mungu ndiye aliyempa mikono ile."

Byera akavua viatu. Akaviweka kando ya kitanda, karibu, vikitazama mlango.

Kisha wakapiga magoti, Bibi huku, Byera huku.

"Ee Mungu, mpumzishe Babu yetu Kamugisha. Mwangazie nuru yako. Na wote waliotutoka pamoja naye siku ile uwapokee, uwafute machozi, uwape makao yasiyotetemeka. Amina."