Pedi Iliyoitwa Shemeji

Wapo watu wanaodai wana masikio. Mimi ninayo. Nikiwa jikoni kwangu nasikia spika iliyochanika nyumba ya tatu, na shule niliishia darasa la sita tu, kwa hiyo usinisingizie vitabu. Haya yalimkuta mdogo wangu, tunayemwita Vidole, pamoja na mkewe. Nilikuwapo. Tena, kusema kweli, kidogo niliyaleta mimi.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua linapasua mawe. Vidole alikuwa chumba cha nyuma na kinanda chake cha umeme cha mtumba, kile chenye vitufe vingi vya kuzungusha. Kwaya ilimtaka awatengenezee pedi yenye joto.

"Pedi?" Shemeji akacheka mlangoni, mtoto begani. "Siku hizi pedi mnatengeneza nyinyi wanaume?"

"Ni ile sauti inayotandikwa chini ya wimbo, mke wangu. Kama godoro. Huioni mpaka iondolewe."

Nikavua miwani, nikaipulizia, kioo kikaingia ukungu, nikafuta kwa shati. Kazi yoyote ya maana huwa naianza hivyo.

Vidole alichukua sauti mbili za noti ileile, moja akaishusha kiasi cha unywele ili zisuguane, maana sauti zikisuguana ndipo joto linapozaliwa. Akapunguza ukali wa juu. Akaifanya ianze polepole, akaipa na mkia mrefu, ili ukiinua kidole ibaki inafifia taratibu. Ilikuwa nzuri, lakini baridi kama sufuria ya jana.

"Haina mtu ndani," nikasema. Maneno hayo ni yangu, sikufundishwa na mtu. "Shemeji, hebu imba mmm kwenye hiki kipaza sauti, tukuchanganye humu."

Akaimba ile mmm anayombembelezea mtoto, halafu akarudi sebuleni kunyonyesha. Vidole akaichanganya, akabonyeza.

Loo! Chumba kizima kilivaa blanketi. Hata mimi, ambaye sisifii kazi ya mtu ovyo, nilisema ah.

Kinanda kikaomba jina la kuhifadhia sauti hiyo. Kilikuwa na nafasi saba tu za herufi.

"Andika SHEMEJI," nikasema, utani tu. Neno likaingia kama mguu kwenye kiatu.

Vidole akabonyeza mara ya pili. Kule sebuleni mtoto akapiga ukelele.

Tulimkuta Shemeji kwenye kochi. Mtoto alikuwa anajivuta nyuma, anasukuma titi kwa mikono yote miwili.

"Ananikataa," Shemeji akasema. Meno yake yalikuwa yanagongana.

Nilimshika mkono. Ulikuwa kama chupa iliyotoka kwenye friji. Saa nane mchana, bati linalia kwa jua.

Hapo ndipo masikio yangu yakaniambia. Kinanda hakikuwa na mtu. Lakini kule nyuma sauti ilikuwa bado inaendelea. Ule mkia. Haukuwa unafifia.

Vidole alikimbia, akauzungusha mkia hadi sifuri. Sauti iliendelea. Akaifuta kabisa. Iliendelea. Akachomoa waya ukutani. Taa za kinanda zikazima.

Iliendelea.

Tamu. Yenye joto. Na katikati ya ile mmm niliisikia ikitulia, kisha ikivuta pumzi.

Tuliporudi sebuleni midomo ya Shemeji ilikuwa imegeuka kijivu. Mtoto alikuwa amenyamaza, anamtazama mama yake kama anavyotazama mgeni.

"Mmeipa jina gani?" Shemeji akanong'ona.

"Tulikuwa tunatania tu..." nikasema.

"Jina gani?"

"Shemeji."

Alinitazama. Akamkabidhi mumewe mtoto. Akajikokota kwa kushika ukuta hadi chumba cha nyuma, akainama juu ya kinanda kile kilichozimwa, akasema nacho taratibu, kama anayemsahihisha mtoto aliyekosea mlango.

"Kwa mwenye kinanda mimi ni mke. Kwa huyu mdogo mimi ni mama. Shemeji kwangu mimi ni yule."

Akaninyooshea kidole.

Sauti ikakatika.

Kisha damu ikarudi mashavuni mwa Shemeji, mtoto akalilia titi, akapewa, akanyonya kwa pupa. Vidole alikaa sakafuni akalia. Mimi nikacheka, nikawaambia ni jina nililolichagua mimi ndilo lililowaokoa, maana ningetaja jina lake halisi angejitetea vipi? Hakuna aliyecheka nami.

Kinanda tulikivunja kwa nyundo jioni hiyohiyo. Shemeji mzima, mtoto sasa anakimbia. Ila tangu siku ile hajaniita shemeji tena. Huniita Baba Mkubwa, na hunisalimia akiwa amesimama mbali.

Mimi nami sijambo. Nakula, natembea, natengeneza spika zangu, na masikio bado ni yaleyale. Jambo moja tu. Asubuhi kabla ya kazi navua miwani, naipulizia. Naisogeza karibu na mdomo, napuliza kwa nguvu zaidi.

Kioo hakiingii ukungu.