Mahari Aliyoitaja Twaiba

Ngazi za jengo moja pale Ukunda zilijaa vijana na bahasha zao za vyeti. Tangazo lilisema: afisa wa fedha, mshahara mnono. Twaiba wa Kinondo alivaa buibui jipya na viatu vya kuazima vilivyombana vidole. Kando yake akaketi kijana wa Msambweni, shati jeupe, ananukia udi, naye kashika bahasha kama wenziwe.

"Viatu hivyo vinakuonea, bibiye."

"Wewe yakuhusu nini?"

"Nimekaa karibu navyo, nakusikia ukiguna."

Twaiba akacheka asipende. Kijana akasema jina lake Swabir, naye pia anatafuta kazi. "Hapa wanalipa vizuri, wallahi. Binamu yangu kaajiriwa hapa."

Usaili ulikwisha kwa dakika tano. Vyeti havikufunguliwa. Twaiba alipewa karatasi aandike watu hamsini wanaompenda na namba zao za simu. Akaandika, shangazi yake Mwanaima wa kwanza.

Kumbe kazi ni kuwauzia bima watu hao hao! Mshahara hakuna, kamisheni tupu. Miezi mitatu Twaiba akabembeleza jamaa, na kila jioni Swabir, aliyejidai muuzaji mwenzake, akampigia: "Umekula, roho yangu?" Wakapendana, tena kwelikweli. Lakini jamaa walipotaka kujitoa wakaambiwa chao hakirudi. Wakaacha kupokea simu zake. Arusi ya binti wa Mwanaima ikaja, Kinondo nzima ikapika, Twaiba hakuitwa hata kumenya vitunguu. Kwa mwanamke wa pale, huko ni kuzikwa yu hai.

Judy wa ofisini ndiye aliyemfungua macho. "Swabir? Huyo msimamizi wetu! Hukaa na wasailiwa awatie hamu. Kwa kila bima uliyouza, naye alipata fungu."

Twaiba akampigia Swabir papo hapo. "Ulijua?"

"Roho yangu, nisikilize..."

"Ulijua?"

"Nilijua. Lakini kukupenda sikutumwa na mtu."

"Mwongo mkubwa we!" Akakata.

Mwezi haukwisha, washenga wa Swabir wakaja kuposa. Mahari hutajwa na mwari mwenyewe, basi Twaiba akaitaja: "Pesa sitaki. Aende kwa miguu kwa wote hamsini, na tai yake ya kazini shingoni, aseme: Twaiba hakujua, mimi ndiye niliyewalaghai." Baba yake akashika kichwa. Swabir akakubali.

Akaanzia kwa Mwanaima, mbele ya wanawake wanaokuna nazi. Twaiba alisimama ng'ambo ya njia kusudi, na wanja machoni, atazame. Mwanaima alimsikiliza hadi mwisho, kisha akammwagia maji ya kuoshea samaki. Jamani, Twaiba aliona raha hadi kwenye visigino!

Siku ya tisa Swabir akabisha hodi, kazi imemtoka, midomo imekauka.

"Nimemaliza. Wote hamsini."

"Nimesikia. Shangazi keshaniita, Ijumaa napika naye."

"Alhamdulillahi. Basi mahari nimelipa."

"Umelipa."

"Tutafute siku ya nikahi, roho yangu?"

"Nikahi ya nani? Mimi nilitaja mahari tu, Swabir. Idhini ya kuolewa sijatoa, wala hukuniuliza."

"Twaiba! Umenitembeza jua lote hilo ukijua?"

"Nilijua. Na nakupenda, sitakuficha. Haya, nenda."

Akafunga mlango kwa komeo, akaketi sakafuni, akalia hadi adhuhuri.