Chini ya Tanuru

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi bomba wa kiwanda cha kuyeyusha chuma. Adhuhuri moja alishuka chini ya tanuru, kwenye giza totoro, kukaza bomba la maji ya kupoza. Karibu na sikio lake mtu akanong'ona, "Kaka, maji yanaingia ndani. Watoe wenzako."

Akamulika tochi. Hapakuwa na mtu.

Alipanda mbio akipiga kelele. "Tokeni! Maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka tumekwisha!"

"Nani kakwambia?" msimamizi akafoka, lakini miguu yake ilishatangulia mlangoni.

Walipofika uani, tanuru likalipuka, paa likaruka. Wakahesabiana, wote wapo, wazima. Ndipo ndani ya kifusi kilichokuwa kikiwaka wakasikia mtu akikohoa, taratibu, kama anayesafisha koo aanze kusema.