Jiwe la Kukalia

Haya hayakunipata mimi, wajukuu zangu. Yalimpata jirani yetu hapa hapa Ely, Uingereza, Wilf Cutlack, fundi mawe wa kanisa kuu. Mtu mcheshi, wa watu.

Mji huu kila ukuta una jiwe lililotoka kwenye nyumba ya watawa wa zamani. Hata banda la nguruwe la baba yangu lilikuwa nalo. Basi Wilf alipoona jiwe la benchi limeng'oka kule kanisani, kwenye ukumbi walikokuwa wakila watawa, alilipakia kwenye toroli akaenda nalo kwake. Lilikuwa na kishimo kimoja, limelika kwa kukaliwa miaka na miaka. Akaliweka kando ya moto. Mkewe, Doreen, alipouliza, akasema amepewa.

"Umepewa au umejipa?" Doreen akamtania.

Wilf akacheka tu.

Binti yao, Hazel, akalipenda. Miaka sita, mdomo kama cherehani. Supu yake akawa anainywea pale. Wiki haijaisha, mezani haongei. Kisha akawa haongei kabisa. Daktari akamtazama koo, hakuona kitu.

Jioni moja alitaka mkate. Aliunganisha vidole vya mikono yote miwili, akafanya duara.

Doreen alidhani mchezo. Wilf kijiko kilimtoka mkononi. Kazini alishasikia kwamba watawa walikatazwa kusema wakila. Mkate waliuomba hivyo hivyo, kwa vidole. Nani alimfundisha mtoto?

Alijua ni lile jiwe, akaficha. Aliogopa kufukuzwa kazi. Siku zikapita, mtoto bubu, baba anamkwepa macho.

Halafu Hazel akaanza kukaa ukingoni mwa jiwe. Amejibana. Anaomba mkate mara mbili. Kipande cha pili anakiweka kando yake.

"Unamwachia nani nafasi, mwanangu?" Doreen akanong'ona.

Mtoto akaweka kidole mdomoni.

Wilf akainuka. "Niliiba, Doreen. Nilijua ni jiwe, nikamwacha mtoto ateseke."

Akalirudisha saa ile ile. Aliporudi nyumbani, Hazel alikuwa mlangoni.

"Baba, nina njaa."

Sasa Hazel ni bibi, anaongea mpaka masikio yanauma. Lakini Wilf, hadi anakufa, kila Jumapili alikwenda kwenye lile benchi. Siku ile alipolirudisha jiwe mahali pake alikuta kishimo cha pili pembeni ya kile cha zamani. Kidogo, laini, kimelika kama cha miaka mia. Alikuwa akikifunika kwa kiganja, analia.

Kipo hadi leo. Kinamtosha mtoto wa miaka sita.