Chupa Nne za Théophile

Soko la Kasongo lilikuwa limefurika Sidonie alipomwona mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, akikatiza matope huku amekumbatia kisanduku cha baridi. Sidonie aliuza barafu na samaki wa Nyangwe. Alikaza kitenge chake cha manjano, akamwita.

— Papa, hiyo bia unamficha nani?

— Si bia, mama. Nipe barafu ya kufika Kabambare.

— Na barabara hii? Utafika na maji ya kunawa!

Aliitwa Théophile, mwalimu wa sekondari. Kila mwezi alikuja kupokea kisanduku hicho hospitalini, na kila mwezi alinunua barafu kwa Sidonie, hata asipoihitaji. Wakapendana, na siku nyingine walizungumza kwa simu.

— Umekula, mpenzi?

— Ugali na sombe. Wewe je?

— Mimi nashiba sauti yako.

— Muongo wa Kabambare wewe!

Sidonie alipouliza mna nini kisandukuni, Théophile alisema chanjo ya mbuzi wa kaka yake. Sidonie aliamini. Ukweli aliujua baadaye: Théophile ana hemofilia, damu yake ikianza kutoka haikomi. Dawa ya kisandukuni, aliyojidunga tumboni kila wiki, ilimpa miaka miwili bila kiungo kuvimba. Mchumba wa kwanza alimkimbia kwa kusikia jina la ugonjwa tu.

Mwezi wa tatu mvua ilibomoa daraja. Théophile alilala kwa rafiki, kisanduku akamwachia Sidonie.

— Kikae baridi tu, mpenzi.

Muuza barafu anajua baridi moja. Usiku mbili chupa nne za kisandukuni zililala chini ya samaki, ndani ya kongelateri yake ya kugandisha barafu, zikawa ngumu kama mawe. Sidonie alizirudisha kisandukuni akijisifu moyoni. Kufika Kabambare zilikuwa zimeyeyuka, safi kama maji, na Théophile akajidunga zote, moja kila wiki.

Akirudi Kasongo, pikipiki iliteleza karibu na Lusangi. Sidonie alipofika hospitalini, goti lilikuwa limevimba kama kibuyu. Muuguzi Marie-Louise alimweleza ugonjwa wote, kisha akamgeukia mgonjwa.

— Dawa hii haikufai tena, mwalimu. Nitawaandikia hivyo wanaoitoa Kinshasa. Watampa mgonjwa mwingine, wanaongoja ni wengi.

— Sikuikosa hata wiki moja!

— Basi iliharibika. Ilipigwa na jua?

— Hapana. Ilikuwa baridi siku zote.

Sidonie aliuliza polepole:

— Ikiwa barafu je?

— Ikiwa barafu ni ya kutupa. Haina kazi tena.

Hakuna aliyeona ile kongelateri. Akinyamaza, Théophile angekosa dawa maisha yake yote. Akisema, yeye angemkosa Théophile.

— Niliziweka kwenye kongelateri, mama. Usiku mbili. Nilidhani ni za mbuzi.

Théophile aligeukia ukuta.

— Toka, Sidonie.

Siku kumi na moja simu iliita bila kupokewa. Mchuzi wa samaki wa mgonjwa, Sidonie alimwachia Marie-Louise mlangoni. Siku ya kumi na mbili, Sidonie akiwa sokoni, Théophile akapiga mwenyewe.

— Kosa lilianza kwangu. Mimi ndiye niliyedanganya.

— Goti je?

— Daktari anasema halitakunjika tena. Kinshasa wamekubali, dawa itaendelea. Sidonie, unaweza kuolewa na mutu wa namna hii?

— Unaniposa kwa simu?

— Kufika huko siwezi. Na iko jambo lingine. Watoto wetu wavulana watakuwa wazima. Wasichana wote watabeba ugonjwa huu, na wanaweza kuzaa wavulana wagonjwa.

Mteja aliuliza bei ya samaki. Sidonie alimpungia mkono asubiri.

— Wasichana wote?

— Wote.

— Na wajukuu, dawa itakuwepo?

— Sijui.

Sidonie alisubiri aongeze neno la kumfariji. Hakuongeza. Akafunika samaki kwa majani, akasogea kando ya kelele.

— Tuma wazee wako kwa baba yangu. Na hayo uliyoniambia, wayaseme kwake yote.