Filamu Mbili za Consolée

Kila siku baada ya shule, Soumaya alipita katikati ya magereji ya mtaa wa Buyenzi mpaka studio ya shangazi yake Mwanne, ambaye bado alipiga picha za filamu, nyeusi na nyeupe. Alipenda harufu ya dawa ya kusafishia picha na utulivu wa mahali pale. Nyundo za mafundi zilisikika kwa mbali, kama mvua inayoanza kwenye bati.

Alhamisi moja alikuwa na filamu mbili za kusafisha. Alikuwa amempiga picha rafiki yake Consolée, ambaye kesho yake angehamia Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya ziwa, na wazazi wake.

"Kila dakika geuza kopo juu chini, polepole, mara nne," shangazi alimkumbusha. "Kisha ligonge kidogo mezani, mapovu yatoke." Akaenda kumhudumia mteja.

Soumaya alimimina dawa kwenye kopo lenye filamu ya kwanza, akaligeuza. Kisha macho yakaenda dirishani. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Kongo ilielea ndani ya ukungu. Akilini akamwona Consolée akitembea huko juu, akizidi kuwa mdogo, mpaka akayeyuka. Aliposhtuka, dakika tano zilikuwa zimepita. Akalitikisa kopo kwa nguvu ili kufidia.

Filamu ilitoka na michirizi kando ya matundu ya ukingoni mwake. Usoni mwa Consolée kulikuwa na madoa ya duara.

"Dawa imeharibika, shangazi."

Mwanne alishika chupa ya dawa tayari kuimwaga.

"Apana, shangazi, usimwage! Ni mimi. Nilikuwa ninaota, nikaacha kugeuza. Halafu nikatikisa sana."

Shangazi hakufoka. "Dawa iliyogusa filamu huchoka," alisema. "Ukigeuza, nyingine inachukua nafasi yake. Ukiiacha, inalala palepale, na mapovu yanaganda kwenye filamu na kuacha madoa. Ukitikisa ovyo, inapita kwa kasi kwenye matundu na kuchora michirizi."

Filamu ya pili Soumaya aliigeuza taratibu, akihesabu kwa midomo. Ilipotoka, nyeusi na nyeupe zikiwa bado zimebadilishana, Consolée alikuwa na nywele nyeupe na meno meusi, kama mtu wa ndotoni. Walipoichapa kwenye karatasi, akatokea yeye mwenyewe, akicheka, bila doa hata moja.

Asubuhi Soumaya alimkabidhi rafiki yake picha ile. Consolée aliikumbatia kifuani.

Gari lililombeba Consolée na wazazi wake lilipoondoka, Mwanne alimshika mpwa wake bega. "Kuota si vibaya, mwanangu, lakini kazi ikiwa mikononi, akili iwe hapo pia. Na jana ungeendelea kuisingizia dawa, ningeibadilisha bure, na wewe ungeharibu filamu ya pili vilevile. Ulisema kweli, ndiyo maana tuliweza kurekebisha."